Mlishe Ndipo Umtume



Ikiwa unaishi Ongata Rongai, Kiserian au Kitengela, huenda maji uliyopikia chai asubuhi yalivutwa na punda. Mifereji hukauka wiki nzima na lori la maji haliingii kichochoroni, lakini punda hufika hadi mlangoni. Biashara hiyo inasomesha watoto na kulipa kodi za nyumba katika kaunti hii ya Kajiado. Swali langu ni moja: punda mwenyewe analishwa na nani?

Simama kando ya kioski cha maji wakati wa foleni, uangalie. Mpira unajaza mtungi baada ya mtungi. Mwenye mkokoteni anahesabu hadi ishirini, na punda amefungwa pale pale, jua la saa sita likimchoma kisogoni. Maji yanayomwagika yanapita chini ya magurudumu. Punda anainamisha shingo kadiri kamba inavyomruhusu, analamba matope. Nyuma yake kuna lita mia nne za maji safi, na hajapewa hata ndoo moja. Jioni anafunguliwa akajitafutie chakula. Mjini, kujitafutia maana yake ni jalala.

Tumezoea kusema, afe punda mzigo ufike. Mimi nasema hesabu hiyo ni mbovu. Mwenye bodaboda hatoki asubuhi kabla ya kutia mafuta, wala halalamiki kwamba mafuta ni hasara. Kwa nini basi mwenye punda aone nyasi ni anasa?

Ng'ambo ya Mto Mbagathi, upande wa Karen na kule kwenye uwanja wa mbio za Ngong uliopo tangu 1954, farasi wana nyasi mbele yao usiku na mchana, na kuna fundi anayekuja kuwachonga kwato. Punda ni wa ukoo huo huo, na tumbo lake limeumbwa vivyo hivyo. Hacheui kama ng'ombe. Mfuko wake wa tumbo ni mdogo, kazi kubwa ya kusaga nyasi inafanyika kwenye utumbo mpana, kwa hiyo anahitaji kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Tena punda hawezi kutapika. Akishameza kitu, ama kipite, ama kimzibe.

Hapo ndipo jalala linapoua. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini karatasi za nailoni, kamba na vifungashio bado vimejaa kwenye taka zetu. Punda anavitafuna kwa sababu vina chumvi au vinanukia chakula. Vinajikunja tumboni hadi anapatwa na msokoto. Ukimwona anajitazama ubavuni, anajigaragaza, anakataa kula na hatoi kinyesi, usimpe soda wala mafuta ya kupikia. Mwite daktari wa mifugo mara moja, maana saa chache zinaweza kuamua uhai wake.

Ajabu ni kwamba chakula chake si ghali. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo 3 hadi 4 za nyasi kavu kwa siku. Robota la kilo 15, kama haya tunayoyaona yamepangwa kando ya barabara ya Namanga, linamlisha kama siku nne. Mabua ya mahindi na majani makavu pia yanamfaa, mradi ni masafi na hayana kuvu. Mgawie mara kadhaa, na sehemu kubwa umwekee usiku anapopumzika.

Ukiona amekonda, usikimbilie nafaka. Mahindi au pumba nyingi kwa mkupuo humletea msokoto, au uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya ashindwe kukanyaga. Mahindi yaliyoota kuvu ni hatari zaidi, kwa kuwa sumu yake hushambulia ubongo wa punda na wa farasi. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe huwekwa dawa iitwayo monensini. Kuku haimdhuru, ila farasi na punda inawaharibu moyo, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua. Kwa hiyo chakula kilichobaki kwenye banda la kuku kisiishie kwa punda.

Maji ni dawa ya kwanza. Punda anayefanya kazi juani anaweza kunywa lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja katika ile ishirini anayoivuta. Mpe kabla ya kuanza kazi, mpe katikati, mpe jioni. Kumwekea jiwe la chumvi ya mifugo zizini kutapunguza hamu ya kulamba taka.

Sasa twende kwenye mzigo. Mitungi ishirini ya lita 20 ni kilo 400 kabla hujapima mkokoteni wenyewe. Kwenye lami tambarare huenda akajikongoja. Mvua ikinyesha na ule udongo mweusi wa Kitengela ukaganda kwenye magurudumu, mzigo huo huo ni mateso, basi upunguze. Punda wa kubeba mgongoni asizidishiwe theluthi ya uzito wake. Kwa punda wetu wa kilo 150, mitungi miwili iliyojaa ni kilo 40, nayo inatosha.

Tazama pia kamba zake. Kamba ya nailoni inakata ngozi kifuani na chini ya mkia. Ifunike kwa gunia au blanketi kuukuu lililokunjwa vizuri. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, na punda apumzishwe hadi apone. Oili chafu ya gari si dawa, inaunguza nyama. Kila jioni mwinue miguu, umtoe mawe na misumari, hasa Rongai hii ambako kila kona kuna nyumba inayojengwa. Kwato zikatwe na mtu anayejua kazi hiyo, kila baada ya wiki sita hadi kumi.

Anayedhani punda akifa atanunua mwingine, akumbuke yaliyotokea. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, yakafika manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilikwenda Uchina kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilieleza kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Wezi wakawa wanachuna punda vichakani usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani.

Mzigo wa punda aliyekosekana una mtu wa kuubeba. Kwenye vijiji vya ndani ya Kajiado ni mama wa Kimaasai anayefunga mtungi kwa ukanda kichwani na kuutembeza kilomita kadhaa.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumzidishia mnyama mzigo na kumtumikisha akiwa na jeraha. Serikali ya kaunti isingoje polisi: ijenge birika la mifugo karibu na vituo vya maji, na itume daktari wa mifugo hapo hata mara moja kwa mwezi. Nawe mteja, ukiona punda anayechechemea au mwenye donda bichi, mwambie mwenyewe peupe kwamba maji yake hutanunua. Atasikia, kwa sababu umemgusa mfukoni.

Na wewe ndugu yangu mwenye punda, leo usiku kabla hujalala mpelekee ndoo ya maji na nyasi za kutosha. Kesho alfajiri ndiye atakayekutafutia unga.