Tutegeane Vitendawili vya Shanga

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa vikundi vya akina mama wanaotunga shanga, Longido)



Hatukuja kuwafundisha kutunga shanga. Kazi hiyo mnaijua kuliko sisi. Sisi wa ofisini tukipewa sindano na uzi tutajichoma vidole kabla ya kumaliza mstari mmoja. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu. Tunaweza kushindana katika kutunga shanga bila kugombana, na mashindano hayo yakatupatia ufundi na fedha. Sikilizeni tueleze.

Mikeka kumi na miwili, bangili moja

Katika ziara zetu tumepita kwenye minada na kando ya barabara wanakosimama wageni. Tumekuta akina mama kumi na wawili wamekaa kwenye mstari, kila mmoja na mkeka wake. Tukatazama mkeka wa kwanza: bangili nyekundu yenye mistari myeupe. Mkeka wa pili: bangili nyekundu yenye mistari myeupe. Tukaenda mpaka wa kumi na mbili. Ni ile ile!

Mnunuzi naye ana macho. Akiona bidhaa ni moja anauliza bei tu. Wa kwanza akisema elfu sita, wa pili anasema elfu tano, wa tatu anaita kwa elfu nne. Mwisho mgeni anaondoka na bangili kwa bei isiyorudisha hata gharama ya shanga. Jioni akina mama wanarudi nyumbani wamenuniana. Mmoja anasema, "Fulani ameniharibia soko." Mwingine anasema, "Fulani ameniiga."

Hayo ni mashindano, lakini ni mashindano ya kushushana. Sisi tunataka mashindano ya kuinuana.

Kitendawili na mji

Watoto wetu wakikaa jioni hutegeana vitendawili. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wenzake wanaitikia, "Tega!" Anatega. Wenzake wanafikiri, mmoja anasema hiki, mwingine kile. Wakishindwa, mtegaji anasema, "Nipeni mji," naye anapewa mji. Kisha anatoa jibu, na wote wanajua jambo ambalo walikuwa hawalijui. Hakuna aliyepigwa wala kunyang'anywa mbuzi. Waliocheka wamecheka, na kesho watakaa tena pamoja.

Basi na tufanye hivyo kwa shanga. Mmoja katika kikundi anatega. Anasema, "Wiki hizi mbili, kila mmoja atunge bangili ya mvua ya kwanza, kwa rangi tatu tu." Wote wanapewa shanga sawasawa. Siku ikifika kila mmoja analeta jibu lake. Kitendawili hiki hakina jibu moja. Wakiwa kumi na wawili, yatakuja majibu kumi na mawili, na hapo ndipo faida ilipo.

Jambo hili si geni

Msidhani tumelitoa kwenye vitabu vya mbali. Wazee wa Kimaasai wanajua kwamba kila rika la morani lilikuwa na mtindo wake wa mapambo. Rika jipya likiingia, wasichana na akina mama walitafuta mpangilio mwingine wa rangi ili rika lao lisifanane na lililotangulia. Walitazamana, wakashindana, na ufundi ukakua.

Na kazi yenyewe ni ya zamani sana. Katika pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha nchini Kenya, wataalamu wamechimbua shanga za gamba la yai la mbuni zenye umri wa miaka kama 40,000. Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa bahari, katika miji kama Kilwa. Leo shanga nyingi nzuri za kioo hutoka Jamhuri ya Czech, ambako mji wa Jablonec nad Nisou umejulikana kwa kazi hiyo tangu zamani.

Historia hiyo ina fundisho la biashara pia. Mwaka 1871 Stanley alipoanza safari yake kutoka pwani kwenda bara, alibeba shanga za kununulia chakula njiani, maana zilitumika kama fedha. Alikuta kwamba shanga nyeusi zinapokelewa Ugogo, lakini kwingine hazina thamani. Nyeupe zilifaa Ufipa, lakini Ukonongo zilidharauliwa. Msafiri aliyebeba rangi moja tu angeweza kulala njaa na mizigo yake ya shanga. Si mnaona? Tangu wakati huo mwenye rangi moja alikuwa na soko moja.

Namna ya kutega

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Kikundi kifuate hatua hizi:

1. Mchagueni mtegaji. Atoe kitendawili kifupi kinachoeleweka, kama "mvua ya kwanza", "ng'ombe wanarudi", au "mlima asubuhi".

2. Wote wapate shanga sawa. Kwa bangili moja, gramu 10 kwa kila mtu zinatosha. Mwenye fedha asipate nafasi ya kumshinda mwenzake kwa shanga nyingi. Hapa inashindana akili.

3. Wekeni siku. Wiki mbili zinafaa, maana kuna maji ya kuchota, kuni na watoto.

4. Kila mmoja atunge kwake bila kuchungulia kazi ya mwenzake.

5. Siku ya kukutana, kila mmoja aweke kazi yake kwenye mkeka mmoja na aeleze alivyofikiri. Wengine wasikilize kwanza, ndipo waulize.

6. Anayetaka kusema neno juu ya kazi ya mwenzake aanze na kinachompendeza. Kisha aulize, "Ungefanyaje ili fundo hili lisionekane?" Asiseme, "Fundo lako ni baya." Maneno hayo mawili yana shabaha moja, lakini la kwanza linajenga na la pili linabomoa.

7. Mwishoni kikundi kimpe mmoja mji. Huyo si yule aliyewapita wenzake kwa uzuri. Ni yule ambaye wengi wanataka kujua alivyofanya. Aliyepewa mji hapewi fedha. Anapewa kazi ya kuwafundisha wenzake, na ndiye atakayetega kitendawili kinachofuata.

Mtauliza, kwa nini tusitoe zawadi ya fedha? Tumeona vikundi vilivyofanya hivyo. Fedha ikiingia, watu wanaficha ufundi wao. Aliyekosa anasema mwamuzi ni shangazi yake fulani. Mji hauna ugomvi, maana anayeupata anatoa kuliko anavyopokea.

Majibu tuliyoyaona

Katika kikundi kimoja tulichokitembelea, kitendawili kilikuwa hicho hicho cha mvua ya kwanza. Rangi zilikuwa nyeupe, buluu na nyekundu.

Mama mmoja alitunga mistari ya buluu iliyosimama, kama mvua inavyoanguka. Mwingine alitunga bangili nyeupe tupu, ikiwa na shanga tatu tu za buluu karibu na fundo. Wenzake wakamuuliza, "Mvua yenyewe iko wapi?" Akajibu, "Mvua ya kwanza ni matone tu. Mnaifurahia, lakini ng'ombe bado hawajashiba." Watu wakanyamaza. Kila mmoja alikumbuka mwaka wa ukame. Bangili ile ilikuwa na shanga za buluu tatu tu, na ndiyo iliyosema zaidi.

Alikuwapo pia koko mmoja ambaye macho yake hayaoni tena tundu la ushanga. Hakukaa pembeni. Alikaa na mjukuu wake, yeye akitaja rangi na hesabu, mtoto akitunga. Alimweleza kwa nini nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu yenye maji, kijani ni majani ya malisho, na nyekundu ni damu na ushujaa. Mjukuu yule anasoma shule, lakini mambo hayo hakuyakuta darasani. Bila kitendawili kile pengine yasingemfikia kamwe. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, ndugu zangu, na wanaondoka na maana za rangi.

Hesabu ndani ya bangili

Mji siku ile alipewa mama ambaye mistari yake ilikuwa imelala upande, kama mvua yenye upepo. Wote walitaka kujua alivyofanya. Kumbe siri yake ilikuwa hesabu. Twende pole pole.

Shanga ndogo za namba 11 hukaa kama saba katika sentimita moja. Kumbukeni kwamba namba ikiwa kubwa, ushanga ni mdogo: namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 17 unahitaji shanga 17 mara 7, yaani 119. Tuseme 120. Bangili ya waya unaozunguka mkono mara tano itakuwa na shanga 600, na waya wake utakuwa na sentimita 85, pamoja na kidogo cha kukunja nchani.

Sasa tunga nyeupe tatu, buluu tatu, nyeupe tatu, buluu tatu, mpaka mwisho. Mpango wako una shanga sita. Ukigawanya 120 kwa 6 unapata 20, wala hakibaki kitu. Kwa hiyo buluu itakaa juu ya buluu, na mistari itasimama wima. Lakini ukipanua mzunguko kidogo ukawa wa shanga 121, inabaki moja. Kila mzunguko rangi inasogea kwa ushanga mmoja, na mistari inalala upande. Ushanga mmoja tu umebadili sura ya bangili nzima! Ndiyo maana tunasema kisomo si cha kusoma barua peke yake. Kugawanya kwa sita kumo ndani ya bangili.

Kalamu ikae karibu na sindano

Kila anayejibu kitendawili awe na daftari. Aandike tarehe, rangi alizotumia, idadi ya shanga, na saa alizofanya kazi. Kisha apige hesabu ya gharama. Tuseme, kwa mfano tu, shanga ni shilingi 1,500, waya 500, na sehemu ya nauli ya kwenda mjini 500. Jumla ni 2,500. Ametunga kwa saa nne, na kikundi kimekubaliana kila saa ihesabiwe shilingi 1,000. Hiyo ni 4,000. Bangili imemgharimu 6,500. Akiiuza kwa 5,000 ataona noti mkononi na kudhani amepata, kumbe ameacha 1,500 za jasho lake kwa mnunuzi. Asiyeandika hawezi kuliona jambo hili.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mgeni akiuliza, "Kwa nini hii ni elfu nane?" utamweleza kazi iliyomo na maana ya rangi zake. Kwenye mikeka kumi na miwili yenye bangili kumi na mbili tofauti, atachagua anachokipenda, na hatakuwa na sababu ya kuwashindanisha kwa bei.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, si kila pambo ni la kuchezea. Yapo mapambo ya ndoa na ya sherehe. Kabla ya kuyaweka kwenye kitendawili au sokoni, waulizeni wazee.

Pili, jaribuni shanga mpya kabla ya kuzitumia. Lowesheni chache katika maji ya sabuni usiku kucha, asubuhi mzisugue kwa kitambaa cheupe. Zikichuja rangi, msizitumie. Bangili ikichuja mkononi mwa mnunuzi, kikundi kizima kinapata jina baya.

Tatu, mwangalie anayeanza kujifunza. Akichekwa siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Mwekeni pamoja na fundi, kama yule koko na mjukuu wake.

Ndugu zetu, wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vidole vyenu ni vyema. Visiuzwe kwa bei ya kutupa kwa sababu kila mmoja ametunga alichotunga jirani. Mkirudi kwenu, kaeni chini ya mti, mmoja aseme, "Kitendawili!" Wengine waitikie kwa sindano.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika soko letu, ni mapambo gani yanayofanana kwa kila muuzaji? Bei yake imekuwaje?

2. Mkono una mzunguko wa sentimita 16. Mzunguko mmoja unahitaji shanga ngapi za namba 11? Je, zinagawanyika kwa sita bila kubaki?

3. Ni nani kijijini anayejua maana za rangi za zamani? Nani ataandika maneno yake?

4. Kitendawili chetu cha kwanza kitakuwa kipi, na nani atakitega?