Redio Isikiayo Bila Kusikika: Maneno kwa Manahodha, Kilindoni



Redio ya VHF yaweza kupokea sauti safi, nanyi mkaamini kuwa ni nzima. Kupokea hutumia umeme kidogo. Kurusha kwa wati 25 huhitaji takriban ampea 5. Fundi akiunga waya mwembamba kwa kuusokota tu na kuuzungushia utepe, chumvi huuozesha, na redio huzimika papo hapo nahodha abonyezapo kitufe kuomba msaada katika chaneli 16. Antena iliyofungwa chini, nyuma ya tangi (nazo zipo!), haifiki mbali. Kabla ya kumlipa fundi, zimeni injini, hamieni chaneli nyingine, 16 iachwe kwa dharura, kisha zungumzeni kwa wati 25 na chombo kilicho mbali.