DVD Umenunua, Ufunguo Hukupewa
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya vijana)

Ndugu viongozi, wengi mmeniuliza: kompyuta zetu zinatumia Linux, programu huru isiyo ya wizi; mbona tukiweka DVD ya filamu tuliyonunua dukani inakataa? Fundi anasema kompyuta ni nzima. Mwenye duka anasema DVD ni nzima. Wote wanasema kweli. Shida ni kufuli.

Filamu nyingi za DVD zimefungwa kwa siri iitwayo CSS. Anayetengeneza mashine au programu ya kuzicheza hutakiwa kuchukua leseni kwa DVD CCA, chama cha Marekani, alipe, na akubali kuficha funguo. Sasa, watu wa Linux huandika programu ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma ndani. Utafichaje siri katika kitabu kilicho wazi? Hata pesa za leseni zikipatikana, hapo bado wanagongana.

Mwaka 1999 kijana wa Norwe, Jon Johansen, wa miaka 15, pamoja na wenzake ambao hawakujitaja, walitoa DeCSS, programu ya kufungua kufuli hilo. Akashtakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachilia Januari 2003, na ya rufani Desemba: alikuwa na haki ya kuifungua DVD aliyonunua kihalali. Lakini huko Marekani, kwa sheria ya DMCA ya 1998, jaji alikwisha kulizuia jarida la 2600 mwaka 2000 lisiisambaze programu hiyo. Mimi nakubaliana na Oslo.

Ila maoni yangu hayatawatetea mahakamani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 nayo inakataza kuvunja kinga za namna hii. Debian na Ubuntu pia hujihadhari: libdvdcss, programu ndogo ya kufungulia, hawaiweki ndani, mtu huitafuta mwenyewe.

Wako wanaosema ati tung'oe Linux, tuweke Windows ya kunakili. Jamani! Huo ndio wizi wenyewe, na tena Windows 10 na 11 haziji na kichezeo cha DVD.

DVD za harusi alizochoma mpiga picha wa mtaani kwa kawaida hazina kufuli. Hizo Linux hucheza bila taabu. Mkinunua DVD za masomo, muulizeni muuzaji kwanza kama zimefungwa. Za filamu, tumieni deki ya DVD na televisheni. Leseni yake ililipwa kiwandani.