Maji Haya Yanakuja Lini?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maji yanayovuja ndani ya gari, na hatusemi maji ya rejeta. Kuna magari makubwa ambayo ndani yake mna nyumba nzima: kitanda, jiko, sinki, choo na bafu, na chini ya viti mna tangi la maji. Marekani na Ulaya wako watu wengi wanaosafiri kwa magari hayo, na wengine hawana nyumba nyingine ila hiyo. Kwetu huonekana yakiingia kwa njia ya Moyale, yakishuka Marsabit na Isiolo kwenda kusini. Magari ya zahanati yanayozunguka vijijini nayo huwa na tangi na sinki vivyo hivyo.

Sisi tulio na karakana ndogo hapa Nanyuki tumeyafungua kadhaa, na jambo moja twaliona karibu kila mara. Mwenye gari hutuonyesha mahali palipolowa, husema, "Hapa ndipo panapovuja." Mara nyingi sipo.

Maji ni msafiri. Tone likitoka kwenye kiungo cha paipu halianguki chini papo hapo. Hutambaa juu ya paipu, likakutana na waya likaufuata, likashuka kwenye chuma cha fremu, likatembea mita mbili au tatu gizani mpaka lipate tundu. Gari likisimama limeinama mbele kidogo, maji yaliyotoka kwenye bafu la nyuma huibuka chini ya kitanda cha mbele. Kesho gari lisimame limeinama nyuma, na mbele patakuwa pakavu, hata mwenye gari adhani ugonjwa umepona wenyewe. Basi mtu akija na gundi akaziba pale alipoona maji, amefanya nini? Ameyafungia maji ndani. Sakafu ya magari haya kwa kawaida ni ya plaiwudi, na ndani ya kuta mna sponji ya kuzuia baridi na joto. Vitu hivyo vikishika maji haviyaachi upesi. Mbao huvimba, tabaka zake huachana, na siku moja mguu unazama pale ulipokuwa ukikanyaga kila siku.

Kwa sababu hiyo sisi hatuanzi kwa kuuliza maji yako wapi. Twauliza yanakuja lini. Je, ni baada ya mvua tu? Basi twapanda juu tukaangalie paa na madirisha, na mabomba twayaacha. Je, ni wakati wa kuosha vyombo au kuoga tu? Hapo twashuku paipu za maji machafu, maana hizo hukaa tupu mpaka mtu afungue mfereji. Je, ni asubuhi za baridi tu, na watu wawili wamelala ndani na madirisha yamefungwa? Huenda hayo si maji ya bomba kabisa, ni pumzi zao zilizogeuka matone kwenye bati baridi. Au ni wakati wa kupanda milima na tangi limejaa pomoni? Hapo maji hurudi kwa mdomo wa kujazia au kwa mpira wa kupumulia. Lakini kama maji huja usiku na mchana, mvua isinyeshe, mtu asifungue mfereji, basi twaisikiliza pampu.

Pampu ya magari haya ni ndogo, hutumia umeme wa betri wa volti 12, nayo ina swichi inayohisi shinikizo. Mifereji yote ikifungwa, pampu husukuma mpaka shinikizo lifike kiwango chake, aina nyingi karibu bar 3, kisha hujizima. Baada ya hapo yapasa inyamaze mpaka mtu afungue maji. Ikiwa usiku, watu wote wamelala, inanguruma kidogo na kunyamaza, na baada ya dakika kumi inanguruma tena, hiyo ni habari. Inatuambia kwamba shinikizo linapotea. Ama maji yanatoka mahali fulani kati ya pampu na mifereji, ama vali iliyo ndani ya pampu yenyewe imechoka na maji yanarudi kwenye tangi. Ikiwa ni vali hakuna kitakacholowa, hata ukikesha unatafuta.

Mwaka mmoja waliletwa kwetu wazee wawili na gari lao, mume na mke. Mzee alikuwa amefundisha shule hapa nchini zamani, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Walikuwa wameegesha gari katika kiwanja kimoja karibu na mji kwa miezi kadhaa, wakitoka mara moja moja kwenda upande wa Ziwa Turkana na kurudi. Pamoja nao alikuja kijana waliyemwajiri kuliosha gari na kujaza tangi. Kijana alikaa nje, hakuingia. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa amekatazwa kuingia, na mshahara wake wa majuma mawili ulikuwa umezuiwa ili kulipia zulia.

"Huyu kijana anamwaga maji akijaza tangi," mzee alituambia. "Zulia la chini ya kitanda limeoza. Nataka mtoe mbao mbovu, muweke mpya."

Kijana alisema, "Mzee, mimi hujaza mpaka alama, nafunga kifuniko, napangusa. Sijamwaga hata kikombe."

Yule mama hakusema neno, lakini alikuwa na daftari. Kila siku alipokuta zulia limelowa aliandika tarehe, na tarehe za safari na za kujaza tangi zilikuwamo pia. Twawashauri ninyi nyote mfanye hivyo, maana daftari kama hilo ni bora kuliko spana kumi. Tuliketi nalo tukalisoma. Na kweli, wasikilizaji, kila mara zulia lilipolowa, jana yake au juzi yake kijana alikuwa amejaza tangi. Wiki ambazo hakujaza, zulia lilikuwa kavu. Haikukosa hata mara moja.

"Mnaona?" mzee akasema. "Ni yeye."

Daftari halikusema uongo. Lakini tulimwuliza mama jambo lingine: siku ambazo tangi halikujazwa, maji ya kunywa na kuoga mlipata wapi? Akasema wakiwa kiwanjani wanaunganisha mpira kutoka kwenye tangi la kiwanja, lile lililo juu ya mnara, na pampu ya gari wanaizima. Tangi la gari hujazwa siku ya kusafiri tu.

Hapo tulitazamana. Mnara ule una kimo cha mita sita hivi. Maji yaliyo juu kwa mita kumi huleta shinikizo la bar moja tu, kwa hiyo mita sita ni kama nusu ya bar na kidogo zaidi. Pampu ya gari huleta bar 3 au karibu na hapo. Kiungo kilicholegea kidogo chaweza kuyazuia maji ya mnara mwaka mzima, kisha kikashindwa na maji ya pampu kwa saa moja. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa yakienda pamoja siku zote, kijana kujaza tangi na pampu kuwashwa. Mzee aliona moja, maana hilo lilikuwa na mikono na miguu.

Tulifanya hivi. Tuliondoa zulia na godoro, tukakausha sakafu kwa vitambaa. Tulijaza tangi sisi wenyewe, lita 120, kijana akiwa ameketi chini ya mti mbele ya macho ya mzee. Pampu tukaiacha imezimwa saa mbili. Pakavu. Tukawasha pampu, tukafunga mifereji yote, tukaketi kimya. Ilinguruma, ikanyamaza. Baada ya dakika nane ikanguruma tena. Mzee aliisikia vizuri, hakusema kitu.

Hatua ya pili ilikuwa kugawanya njia. Boila la maji moto lina vali mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Kwanza tulizima gesi yake na kuliacha lipoe, maana maji yaliyo ndani huunguza, na waya wa umeme wa nje tulikuwa tumeuchomoa tangu mwanzo. Mahali palipolowa si mahali pa volti 240. Tukafunga vali zile mbili. Pampu ikanyamaza nusu saa nzima. Tukazifungua, ikaanza tena. Basi upande wa maji baridi ulikuwa mzima, na kosa lilikuwa upande wa maji moto, ambao una viungo vichache tu.

Sasa macho peke yake hayatoshi, kwa sababu tone dogo kwenye paipu nyeupe halionekani. Tulitoa skrubu za ukuta mwembamba ulio nyuma ya bafu, tukapangusa kila kiungo mpaka kikakauka kabisa. Tukasaga chaki ya shule tukainyunyiza juu ya viungo, na chini ya kila kimoja tukafunga kipande cha karatasi ya choo. Chaki kavu ni nyeupe, ikiguswa na maji hubadilika rangi mara moja. Kazi hiyo haina gharama wala haitaki elimu, inataka subira tu. Baada ya dakika arobaini kiungo cha tatu, nyuma kabisa ya mfereji wa bafu, chaki yake ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi. Kutoka hapo mpaka chini ya kitanda cha mbele ilikuwa zaidi ya mita tatu. Njia ya maji tuliiona kwa tochi: alama ya kahawia juu ya fremu, tangu bafuni mpaka kitandani.

Tuliweka kikombe chini yake. Kwa saa moja kilipata robo lita. Robo lita ni kidogo, lakini kwa siku nzima ni lita sita, na lita 120 zingekwisha kwa siku 20 bila mtu kunywa. Kule ziwani, ambako watu husafiri siku kadhaa bila kupata maji mazuri ya kunywa, hesabu hiyo si mchezo.

Kilicholegea ni nati ya plastiki. Barabara za mawe na zile za matuta madogo kama ubao wa kufulia hutikisa gari mchana kutwa, na nati hujifungua kidogo kidogo. Hapa mafundi wengi huchukua spana na kukaza kwa nguvu zote. Nati ya plastiki yenye washa ya mpira hukazwa kwa mkono, kisha robo ya mzunguko tu. Ukizidisha, inapasuka, au mpira unajikunja, na sasa una shida mbili. Tepu nyeupe ya fundi bomba nayo haina kazi hapo, kwa kuwa kinachozuia maji ni mpira, si nyuzi za nati. Tuliweka washa mpya, tukakaza kwa mkono, kisha tukaifunga paipu kwa vibano viwili kwenye ukuta ili isichezecheze tena. Paipu isiyofungwa itaifungua nati hata ukiikaza kila mwezi.

Magari mengine hayaponi kwa washa. Mengi yaliyotengenezwa Marekani tangu mwisho wa miaka ya 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1990 yaliwekwa paipu za kijivu za plastiki iitwayo polibutilini, na hizo pamoja na viungo vyake zilikuja kujulikana kwa kupasuka kadiri zinavyozeeka, klorini ya maji ikizidhoofisha. Ukikuta paipu hizo na kiungo kimoja kimepasuka, afadhali ubadilishe zote. Na gari lililopitisha majira ya baridi Ulaya bila kumwagwa maji, lichunguze pampu na kila mfereji. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu tisa katika mia, na plastiki nyingi haziyashindi. Ufa mdogo wa mwezi wa Januari waweza kuonekana mwezi wa Juni, mbali sana na theluji.

Kwa wazee wetu, mbao tulitoa kipande kimoja tu, kama upana wa meza. Nyingine zilikuwa zimelowa lakini bado ngumu. Tulizitoboatoboa zipumue, tukaacha gari wazi juani siku tisa kabla ya kurudisha zulia. Mzee alikuwa na haraka, tukamkatalia. Chaki na karatasi tuliziacha kwenye viungo siku zote hizo, pampu ikiwa imewashwa mchana na usiku.

Siku ya tisa mzee alizitazama karatasi mwenyewe, moja moja, kwa miwani. Kisha alitoka nje, akamwita kijana kwa jina lake, jambo ambalo hatukuwa tumemsikia akilifanya. "Njoo ndani," akamwambia. "Njoo uone wanavyokaza, ili utusaidie njiani." Kijana alivua viatu mlangoni akaingia. Mama alikuwa tayari ameziweka fedha katika bahasha, za majuma mawili na yale siku tisa, juu ya meza ndogo karibu na sinki.