Goli lililokataliwa: maneno kwa vijana wa Bafwasende



Mmeniomba niongee juu ya amani kabla ya mechi yenu ya Jumapili. Nitaongea juu ya mpira, maana mimi mwenyewe nina deni hapo.

Mnakumbuka tarehe 7 Februari 2024. Chui wetu walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire huko Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole kichwani mfano wa bunduki, ili dunia ione mauaji ya mashariki ya nchi yetu. Sisi hapa tulibanana mbele ya televisheni moja, jenereta ikikohoa nje, na wengine walilia. Mapema tu Cédric Bakambu akatia mpira wavuni. Tukaruka! Mwamuzi akakataa: kosa juu ya kipa Yahia Fofana. Dakika ya 65 Sébastien Haller akafunga, ikabaki 1-0.

Basi kila mtu akawa kocha. "Mwamuzi amenunuliwa!" "Wenyeji hawafungwi kwao!" Mimi, mtu wa kazi ya amani, nilipiga kelele kuliko wote. Kijana mmoja, wa familia iliyokuja huku kulima kakao, akasema polepole: "Yaya, kipa alikuwa na mikono juu ya mpira." Akajibiwa: "Wewe si mtu wa hapa, unajua nini?"

Toka hapo hakuna aliyetaja tena mguu wa Bakambu. Watu walitaja mashamba, na nani alimpa baba yake ardhi. Kijana alisukumwa mpaka nje, shati likapasuka. Mimi nilinyamaza.

Siku chache nyuma yake nilitazama tena picha kwenye simu. Kwa macho yangu ni kosa. Mwingine anaweza kubisha, na kubisha ni raha ya mpira. Lakini usiku ule hakuna aliyesema kwamba Franck Kessié aligonga mlingoti wetu, wala kwamba katika mechi tano za kabla tulishinda moja tu ndani ya dakika 90, ile ya Guinea, 3-1. Mwamuzi alitubebea yote.

Msidhani ni mchezo. Butembo, Septemba 2008, kipa alishutumiwa uchawi uwanjani. Fujo ikazuka, watu 13 wakafa. Kinshasa, Mei 2014, baada ya Vita Club na Mazembe, walikufa 15. Na Lubunga, huko Kisangani, mwaka 2023 hapakuwa na mpira hata kidogo: ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulichoma nyumba na kutawanya watu.

Nilikwenda kwa baba wa yule kijana kuomba radhi. Alinisikiliza muda mrefu bila kujibu, kisha akaniletea kiti.

Jumapili mtoto wake anacheza beki wa kushoto. Mwamuzi mmemchagua wenyewe, timu zote mbili. Mkitaka kumlalamikia, kapteni aseme dakika na tendo aliloliona. Akitaja kabila la mtu, mpira usimame palepale, hata kama timu yake inaongoza.