Maji ya Dayalisisi ni Dawa, Yapimwe Kama Dawa

Mtu mwenye figo nzima hunywa lita mbili hivi za maji kwa siku, na utumbo wake huyakagua kabla hayajafika kwenye damu. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, yaani kwa dayalisisi, hana kinga hiyo. Mashine kwa kawaida hupitisha nusu lita ya maji kila dakika, yaani lita 120 katika kikao cha saa nne, na vikao ni vitatu kwa wiki. Kati ya maji yote hayo na damu yake pana utando mwembamba tu. Kwa hiyo nasema maji haya ni dawa, na yapimwe kama dawa: mara kwa mara, tena pale yanapoingia kwenye mashine, si kwenye tangi la nje peke yake.

Wapo watakaosema maji ya bomba yametiwa klorini, yanatosha. Hayatoshi. Klorini hiyo hiyo inayoua vijidudu huvunja chembe nyekundu za damu, hivyo ni lazima maji yapitishwe kwenye chujio la mkaa ili iondoke. Kuanzia hapo maji hayana mlinzi. Ndani ya mkaa wenyewe, kwenye matangi na kwenye kona za mabomba ambako maji hutuama, bakteria huzaliana na kujijengea utando telezi ambao dawa za kusafishia huufikia juu juu. Hata wakifa, mabaki yao huweza kupenya hadi kwenye damu. Mgonjwa huanza kutetemeka, homa hupanda, presha hushuka, naye bado yuko kwenye mashine.

Mwaka 1982, katika kituo kimoja huko Louisiana, Marekani, wagonjwa 27 kati ya 140 waliambukizwa Mycobacterium chelonae, bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Kumi na wanne walifariki. Bakteria hao walikuwa kwenye maji ya kuandalia vichujio vya damu vinavyotumika zaidi ya mara moja, na formalini iliyotumika haikuwa na nguvu ya kuwamaliza.

Madaktari hutukumbusha kwamba maambukizi mengi ya damu kwa wagonjwa hawa hutokana na mpira wa kupitishia damu unaowekwa shingoni au kifuani. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari: kila homa husingiziwa mpira, maji yasipimwe kamwe. Mpira humwambukiza mwenye nao. Maji hugusa zamu nzima. Wagonjwa watatu wakitetemeka alasiri moja, yaulizwe maji kwanza.

Na gharama je? Vipimo vina bei, sikatai, na vituo vyetu vingi vinahangaika. Lakini fikiria Caruaru, Brazil, mwaka 1996. Kliniki ililetewa kwa maboza maji ambayo hayakutibiwa ipasavyo, yenye sumu ya bakteria wa bwawani. Vichujio vilikuwapo, sumu ikapita. Wagonjwa 100 ini lao lilishindwa kufanya kazi, na 76 wakafariki. Vifo 52 vilihusishwa moja kwa moja na sumu hiyo.

Viwango vya kimataifa vinataka bakteria wasifike 100 katika mililita moja ya maji haya. Basi kila kituo kibandike ukutani, mahali wagonjwa wanaposubiri, idadi iliyopatikana, tarehe ya kipimo na siku mkaa ulipobadilishwa mara ya mwisho. Mgonjwa akiuliza, muuguzi amwoneshe karatasi hiyo kabla hajamuunganisha na mashine.