Anayefungua Dumu Awe wa Kwanza Kujua



Tangu Eldoret ipandishwe hadhi kuwa jiji Agosti 2024, tumezungumza sana kuhusu barabara, masoko na wawekezaji. Leo naomba tuwazungumzie watu ambao mikono yao inashika kemikali kila siku ili jiji hili liende. Bomba la mafuta kutoka Nairobi lilifika hapa mwaka 1994, na tangu wakati huo malori yamekuwa yakijaza petroli na dizeli katika bohari yetu na kuelekea Uganda na nchi zilizo mbele yake. Mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu hunyunyiziwa dawa za magugu msimu baada ya msimu, na viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, dawa za wadudu zikaongezeka juu ya hizo. Viwanda vya nguo vinatumia kostiki soda na haidrojeni peroksaidi. Gereji zina asidi ya betri, thina na rangi za kupuliza. Hoteli na hospitali zina jiki na asidi za kusafishia vyoo. Hoja yangu ni moja: mafunzo ya kemikali hatari yapimwe kwa kile anachoweza kufanya mtu wa mwisho kukishika chombo, akiwa mbele ya chombo hicho hicho, na wala si kwa sahihi alizotia kwenye orodha ya waliohudhuria semina. Na mafunzo hayo anayadai kwa haki, kama anavyodai mshahara wake.

Nianze na ushahidi wa hapa nchini. Mwaka 1997 Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mashambani katika Naivasha, Homa Bay, Wundanyi na Migori: wakulima wa maua, pamba, mboga na tumbaku. Walipima katika damu kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti huua kwa kukizuia kimeng'enya hiki, kwa mdudu na kwa binadamu pia. Kwa wafanyakazi waliokuwa wakizigusa dawa hizo, kiwango kilishuka kwa wastani wa asilimia 33. Kwa wale ambao hawakuzigusa, kilishuka kwa asilimia 4 tu. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba watu waliendelea kulima, kubeba na kupalilia huku kimeng'enya hicho katika damu yao kikiwa kimepungua kwa wastani wa theluthi moja. Dalili za mwanzo, yaani kichwa kuuma, jasho, kichefuchefu na uchovu, hazitofautiani sana na malaria au na siku ndefu juani. Kwa hiyo mfanyakazi hawezi kuutegemea mwili wake umwonye mapema. Ni lazima aambiwe kitu ambacho macho yake hayaoni na pua yake hainusi.

Tutazame kazi yenyewe kwa karibu. Kibarua anapewa bomba la mgongoni la lita 20 na chupa ya dawa. Anapima kwa kifuniko, anamimina, anakoroga kwa kijiti. Dakika hizo chache za kuchanganya zina hatari kubwa kuliko dakika kama hizo za kunyunyizia, kwa sababu ndani ya chupa dawa ni kali mara mia au zaidi kuliko ikishatiwa maji, na tone moja kwenye kiganja hubeba sumu ya kiasi kikubwa cha mchanganyiko. Kisha analitundika bomba. Kama mpira wa kifuniko umechakaa, dawa inavuja taratibu mgongoni na shati linainyonya na kuishikilia kwenye ngozi mpaka jioni. Tundu la kunyunyizia likiziba, analichomoa na kulipuliza kwa mdomo. Wakati wote huu huenda amejifunga leso puani, na anaamini kwa dhati kwamba amejikinga. Kwa mtu anayenyunyizia dawa shambani, njia kubwa ya sumu kuingia mwilini ni ngozi, na leso haikingi mgongo wala mikono. Anayo elimu, ila ni elimu iliyoziba mlango mdogo na kuuacha mkubwa wazi. Fundi wa kupuliza rangi za magari anayevaa barakoa ya vumbi yuko katika hali hiyo hiyo: barakoa ile huzuia chembe, lakini mvuke wa thina na wa kigumishi cha rangi unapita kama kwamba hakuna kitu, na kemikali za isosayaneti zilizomo kwenye vigumishi vingi huweza kumletea mtu pumu ambayo inaweza kumfukuza kazini kabisa.

Wengine watasema kwamba kazi ya kumwonya mfanyakazi imeshafanywa na lebo. Ni kweli kwamba dunia ina mfumo mmoja wa alama, uliokubaliwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 2002, wenye michoro tisa ndani ya miraba yenye mpaka mwekundu. Mwali wa moto na fuvu la kichwa havihitaji mwalimu. Lakini mchoro wa kifua cha mtu chenye nyota ndani yake unamwambia nini asiyefundishwa? Unaashiria saratani, madhara kwa uzazi, pumu ya kudumu na uharibifu wa viungo, yaani madhara ambayo mara nyingi huchukua miaka kujitokeza. Alama ya madhara ya muda mrefu ndiyo isiyojieleza yenyewe. Karatasi ya usalama inayoandamana na kemikali ina sehemu 16, imeandikwa kwa Kiingereza cha wanakemia, na mara nyingi haitoki kwenye faili la ofisini. Baada ya gesi ya methili isosayaneti kuvuja Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 na kuua maelfu ya watu, waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kile walieleza kwamba miongozo ilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuimudu, na kwamba muda wa kuwafunza waendesha mitambo ulikuwa umepunguzwa sana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sioni kwa nini mtu aapishwe mahakamani kwa Kiswahili lakini aelezwe kwa Kiingereza kitu kinachoweza kumpofusha.

Isitoshe, kuna hatari ambazo haziko kwenye lebo ya chombo chochote kimoja. Jiki peke yake ina maelekezo yake, na asidi ya choo ina yake. Msafishaji mwenye bidii anayezimimina pamoja ili choo kitakate zaidi anatengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo chenye mlango uliofungwa. Aliyefunzwa kwa kukariri sheria ya kila chombo hatalijua hilo. Anayelijua ni yule aliyeelezwa sababu. Petroli nayo ni hivyo. Mvuke wake unashika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Eldoret alfajiri haimkingi mtu yeyote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya mitaroni na mabondeni, mbali na mahali ulipomwagika. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, kwenye barabara hii hii tunayoitumia kwenda Nakuru. Watu walikwenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 walikufa. Umaskini uliwapeleka pale, hilo halina ubishi. Lakini dereva, utingo, polisi wa kwanza kufika na mwenye duka la kando ya barabara wakijua kwamba namba 1203 kwenye kibao cha rangi ya chungwa ni petroli, na kwamba hatari imeshawazunguka miguuni kabla moto haujaonekana, watu huondolewa mapema na injini huzimwa mapema.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la uzoefu: fundi amefanya kazi hii miaka 20 na hajafa. Nauheshimu uzoefu, maana hakuna mkufunzi wa kemikali anayefaa kitu asipoanza kwa kumsikiliza fundi. Lakini uzoefu hufundisha vizuri pale adhabu inapofuata kosa mara moja. Ukimwaga maji kwenye asidi kali badala ya kuitia asidi kwenye maji, itakurukia papo hapo, na hutarudia. Risasi ya betri haifanyi hivyo. Vumbi lake linatua kwenye nguo, linafika nyumbani na baba au mama, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Miaka 20 ya kazi haimwonyeshi fundi jambo hilo hata kidogo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watetezi wa wafanyakazi wenyewe. Wanasema mafunzo ni njia ya mwajiri kujivua lawama: ajali ikitokea, inatolewa karatasi yenye sahihi na kauli kwamba ulifunzwa, basi kosa ni lako. Wanasema pia kwamba jawabu la kweli ni kuiondoa sumu, au kuweka mtambo wa kuvuta mvuke, na glavu na elimu ziwe mwisho wa orodha. Katika hilo la pili wako sawa kabisa, na wataalamu wa afya kazini wanakubaliana nao. Lakini nauliza, ni nani atakayedai sumu iondolewe? Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua kwamba mwanawe alikuwa na risasi mwilini, akaanza harakati zilizompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Katika kisa hicho chote, mapambano yalianza siku vipimo vya damu viliposomwa. Wafanyakazi na majirani walikuwa wameuona moshi tangu mwanzo, ila hawakujua ndani yake mna nini. Maarifa yangewafikia siku ya kwanza ya kazi, madai yangeanza mapema, na watoto wengi wasingefikiwa na risasi ile. Ndiyo maana siyakubali mafunzo yanayokoma kwenye namna ya kuvaa glavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, na inamkataza mwajiri kumrudisha hapo kabla ya kuirekebisha. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Mafunzo yasiyomweleza mtu haki yake ya kutorudishwa kwenye hatari hiyo ni nusu ya mafunzo, na nusu hiyo, nakiri, inaweza kutumiwa dhidi yake.

Kuhusu gharama nitasema machache. Mkulima mwenye vibarua watano wa msimu hawezi kuwapeleka kozi ya wiki nzima, wala hahitaji. Madhara mengi yanatokea katika vitendo vichache: kufungua, kuchanganya, kuzibua, kuosha na kuhifadhi. Asubuhi moja kando ya bomba lenye maji matupu inatosha kuvifanya vyote kwa mikono, na kurudia kila msimu vibarua wapya wanapoajiriwa. Gharama iliyo kubwa ni ile ya kumtibu mtu aliyekunywa dawa ya magugu ya parakwati iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda, kwa sababu parakwati haina kiuasumu, na fedha za familia zinateketea bila kumrudisha.

Naibu Chansela, chuo kikuu hakiwezi kuyasema haya na kukaa pembeni. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha Rivatex mwaka 2007. Ni vyuo vichache vya kanda hii vilivyowahi kununua kiwanda kizima cha nguo ambamo mwanafunzi wa kemia na mwendesha mtambo wanaweza kufundishana. Maabara zetu wenyewe zina mafundi wanaoosha vyombo baada ya sisi kuondoka, na wao ndio wangepaswa kuwa darasa letu la kwanza. Nawaomba wanafunzi wa kemia, afya ya umma na Kiswahili wakae pamoja waandike, kwa kila kemikali inayotumika sana katika jiji hili, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza ni kitu gani, kinaingiaje mwilini, kisichanganywe na nini, na ufanye nini kikimwagika. Usomwe kwanza na vibarua na mafundi, na wasipouelewa uandikwe upya. Kwa wakaguzi wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, na kwa maafisa wa kaunti wanaotoa leseni za biashara, ombi langu ni moja: mkifika mahali pa kazi, msianze na faili la meneja. Mwiteni anayechanganya, mpeni chombo anachokitumia kila siku, na mumwombe awaeleze kilichomo. Akishindwa, mwajiri ndiye aliyeshindwa, na ripoti yenu iseme hivyo.